Kutoka Uani Hadi Ghorofani: Mpangaji wa Kariakoo Yuko Wapi?

Usione vyaelea, vimeundwa. Mgeni akishuka leo Kariakoo, Dar es Salaam, akasimama kona ya Msimbazi na Uhuru na kuinua shingo, atadhani ghorofa zile zimeota kama uyoga baada ya mvua za masika. Ghorofa nane hapa, kumi pale, nyingine imebanwa katikati ya wenzake mpaka dirisha la huyu linachungulia jiko la yule. Mgeni atasema, "Aisee, Bongo imeendelea!" Na sisi wenyeji tutaitikia kwa kichwa, maana nani asiyependa kusifiwa mji wake?

Lakini ndugu msomaji, hebu tuache kidogo kuhesabu ghorofa, tuhesabu watu. Kabla ya ghorofa hii kusimama hapa, nani alilala kwenye kiwanja hiki? Na amekwenda kulala wapi? Historia tuliyofundishwa sekondari ilitutajia masultani, magavana na vyama. Mpangaji haimo, ingawa kwa zaidi ya miaka mia mji huu umejazwa na wapangaji. Makala haya yanajaribu kumtafuta mtu huyo.

MSTARI WA MJERUMANI

Hadithi inaanza mbali. Miaka ya 1860 Sultan Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Akafariki 1870, na mji wake ukadorora. Mwaka 1887 wakaja Wajerumani wa kampuni ya Carl Peters, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam.

Mwaka huohuo wa 1891 ilitoka amri ya ujenzi. Msomaji, itazame vizuri amri hiyo, maana ndiyo nyanya wa ghorofa za leo. Iliugawa mji kwa aina ya nyumba. Karibu na bahari zijengwe nyumba za mtindo wa Ulaya, za mawe na imara. Nyuma yake zifuate nyumba nyingine madhubuti. Nyumba za miti, udongo na makuti zikae huko nyuma kabisa. Ujanja wake uko hapo: walipima ukuta, lakini kila mtu alijua ni ngozi ya nani ingekaa nyuma ya ukuta upi. Ndipo tulipopata majina tuliyorithi mpaka leo: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Sasa fikiri. Nyumba ya udongo na makuti haibebi ghorofa. Mtu akiwekwa mahali pa kujengea kwa vitu vya muda tu, basi na yeye mwenyewe amefanywa wa muda. Hawezi kwenda juu. Akiongezeka, ataongezeka kwa kubanana. Kwa hiyo ufupi wa nyumba za Kariakoo haukuwa tabia ya Mswahili kama wengine wanavyopenda kusema. Ulichorwa kwenye karatasi.

Jina lenyewe la Kariakoo ni kumbukumbu ya vita. Wajerumani walikuwa wakiliandaa eneo hilo kuwa makazi ya Waafrika, na walikwisha jenga ukumbi mkubwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1914. Vita Kuu ikayavuruga yote. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, eneo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukalikoroga jina hilo likawa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa kwa njaa, maradhi na mizigo. Leo ukienda kununua bidhaa Mtaa wa Narung'ombe au Mtaa wa Mahiwa, unakanyaga majina ya mapigano ya mwaka 1917. Wanunuzi wangapi wanalijua hilo?

Waingereza nao hawakuufuta mstari wa Mjerumani. Kati ya Uhindini na Kariakoo waliacha uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, kwa kisingizio cha afya. Upande wa Uhindini nyumba zikaanza kupanda: duka chini, familia juu. Kumbuka mtindo huo, tutakutana nao tena. Upande wa pili wa uwanja, Kariakoo ikaendelea kukaa chini.

NYUMBA YA VYUMBA SITA

Je, nyumba fupi maana yake ni watu wachache? Thubutu!

Nyumba ya Kiswahili ina barazani mbele, mlango mkubwa, kisha koridoo inayokata nyumba katikati. Vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Koridoo inatokea uani, na huko kuna jiko, choo, bafu na pengine vibanda viwili vitatu vilivyoongezwa baadaye. Kila chumba kina mpangaji wake. Huyu ana mke na watoto wanne, yule ni kuli wa bandarini anayelala na wadogo zake wawili waliotoka bara kutafuta maisha. Piga hesabu ya vidole: vyumba sita, watu wanne kila chumba, umepata watu 24 kwenye kiwanja kimoja, na vibanda vya uani hatujavigusa. Wataalamu wanapotwambia kwamba msongamano umeletwa na ghorofa, tuwajibu kwa adabu kwamba sisi tulianza kusongamana tukiwa chini.

Na watu walizidi kuja. Sensa ya 1948 iliukuta mji una watu kama 69,000. Ile ya 1957 ikahesabu kama 128,000. Katika miaka tisa tu mji ulikaribia kuongezeka mara mbili, na vyumba vilikuwa vilevile. Mwaka 1956 ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni, J. A. K. Leslie, alifanya uchunguzi juu ya maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam, na kitabu chake kikatoka 1963. Mtu akitaka kujua jinsi mji ulivyoishi kwa kupangishana chumba kwa chumba, humo atapata mengi, ingawa ajue kwamba anayesimulia ni mtawala.

Tusidanganyane, uani haukuwa peponi. Choo kimoja kwa watu thelathini si jambo la kuimbia ngonjera. Kulikuwa na foleni ya bafu, ugomvi wa zamu ya kufagia, umbea wa kutosha kujaza riwaya tatu, na maradhi yakiingia chumba kimoja yalizunguka nyumba nzima. Lakini lilikuwepo jambo moja kubwa. Mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe aliishi humohumo, kwenye chumba cha mbele. Mpangaji alimwita baba mwenye nyumba au mama mwenye nyumba, na neno "mama" hapo halikuwa pambo. Kodi ikichelewa, aliyekudai alikuwa anakuona kila asubuhi ukitoka kutafuta kibarua na kurudi mikono mitupu. Mtoto wako akiugua usiku, ndiye aliyegonga mlango kuuliza hali.

Nyumba hizohizo fupi zilibeba siasa. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954 Mtaa wa New Street, ambao leo unaitwa Lumumba, palepale ubavuni mwa Kariakoo. Habari haikuhitaji redio: ilitoka barazani, ikapita koridoo, ikafika uani, ikaruka ukuta wa jirani. Watu waliobanwa pamoja na sheria ya 1891 walijikuta wameungana bila ya aliyewabana kutarajia.

MWENYE NYUMBA ANAPOKUWA MNYONYAJI

Uhuru ulipokuja, serikali mpya ilitaka kuuonyesha kwa nyumba. Mwaka 1962 likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na vibanda vya makuti vikaanza kuvunjwa, hasa Magomeni, kupisha nyumba za matofali ya saruji. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa milele ukafutwa kwa sheria, ardhi ikawa ya taifa na wananchi wakapewa muda wa kuitumia.

Kisha likaja Azimio la Arusha, 1967. Miiko ya uongozi ilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Si kila mtu aliimeza dawa hiyo. Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyezunguka nchi nzima kuijenga TANU, alijiuzulu mwaka huohuo kwenye Kamati Kuu kwa sababu ya miiko ile. Watu humcheka, wakisema alipenda nyumba kuliko ujamaa. Mimi nasema tumsome upya. Kwa mwanamke wa mjini wa wakati ule, asiye na pensheni wala shamba la kahawa, chumba cha kupangisha kilikuwa bima ya uzee wake. Azimio lilimwona mwenye nyumba kama mnyonyaji mmoja tu, awe na nyumba ishirini za ghorofa au ana vyumba vyake sita.

Aprili 1971 panga likakata zaidi. Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Mengi yalikuwa ya Wahindi, na wengi wao walifunga mizigo wakaondoka. Majengo yakawa mikononi mwa Msajili wa Majumba, ambaye baadaye, 1990, aliunganishwa na Shirika la Nyumba. Hatua ile ilikuwa na neema yake: Mwafrika ambaye zamani alipita Uhindini kama mpiga deki, sasa aliweza kupanda ngazi akiwa na ufunguo mfukoni. Lakini ilikuwa na gharama pia. Nani tena angejenga ghorofa ya kupangisha, akijua kwamba likipendeza litachukuliwa? Kwa miaka mingi watu binafsi waliogopa kwenda juu, na Kariakoo ikabaki chini, safari hii kwa hofu na si kwa amri ya rangi.

Mji haukusubiri. Katikati ya miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, vikapimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikatengenezewa barabara na maji. Mwaka 1975 likafunguliwa soko jipya la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lenye paa kama miavuli iliyogeuzwa kukinga maji ya mvua, na sehemu yake ya chini ambayo watu waliibatiza Shimoni. Mipango kabambe ya mji ikaandikwa 1968 na 1979, yote kwa mikono ya wataalamu kutoka Kanada. Wakati karatasi zikichapwa, watu walikuwa wanajijengea wenyewe mabondeni. Sensa ya 1988 iliukuta mkoa una watu zaidi ya milioni moja na laki tatu.

RUKSA

Halafu ikaja enzi ya Mzee Ruksa. Rais Ali Hassan Mwinyi alipoingia 1985, milango ya biashara ilifunguliwa: mitumba, redio, vitenge, vipuri, kila kitu ruksa. Na mwaka 1991, huko Zanzibar, chama tawala kikalegeza miiko ya Arusha, na kiongozi akaruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Miaka 24 baada ya kuitwa mnyonyaji, mwenye nyumba akaitwa mwekezaji.

Hapo ndipo Kariakoo ilipoanza kupanda. Wafanyabiashara kutoka Kongo, Zambia, Malawi na kwingineko walifurika kununua mzigo. Chumba cha mbele, ambacho mama mwenye nyumba alikuwa analala, kikabomolewa ukuta kikawa fremu ya duka. Fremu moja ililipa kuliko vyumba vyote sita, na bado kuna kilemba, ile hela ya kuingilia isiyo na risiti. Baadaye akaja mtu na begi la karatasi. Anamwambia mzee, au mara nyingi warithi wa mzee: nyie mna kiwanja, mimi nina fedha, tuingie ubia. Nitajenga ghorofa kumi. Nyie mtapata fremu kadhaa na fleti kadhaa, mimi nitachukua zilizobaki.

Kwa warithi kumi na wawili wanaogombania nyumba ya makuti iliyoezekwa bati, hiyo ni suluhu. Siwalaumu. Wengine walichukua chao wakajenga Tabata au Kimara, wakapumua. Wengine walisaini wasichokisoma, na hadi leo wanazunguka mahakamani.

Lakini mpangaji? Mkataba wa ubia una saini mbili: ya mwenye kiwanja na ya mwenye fedha. Mpangaji aliyelala chumba cha tatu kushoto kwa miaka thelathini, akazaa humo na kuzika kutoka humo, anapewa notisi ya mwezi mmoja, miwili akibahatika. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Kwanza koridoo inajaa mifuko ya saruji. Kisha umeme unakatwa. Kisha fundi anaanza kung'oa bati upande wa uani. Mwaka 2005 ile sheria ya 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ikafutwa. Mwaka 2008 ikatungwa sheria ya kuwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo, yaani fleti yako ghorofa ya saba iwe na hati yake. Ni sheria nzuri, lakini inamhusu anayenunua. Anayepanga chumba haimo.

Sasa angalia ajabu. Tunasema Kariakoo imesongamana kuliko zamani, na mchana ni kweli, mpaka njia huioni. Lakini panda ngazi. Chini fremu, ghorofa ya kwanza fremu, ya pili stoo, ya tatu stoo. Mahali walipolala watu, leo zimelala marobota. Ule mtindo wa Uhindini wa duka chini na familia juu umevuka Mnazi Mmoja, lakini katika majengo mengi mzigo umemsukuma mtu nje.

Na mtu alikwenda wapi? Alikwenda Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika, Bunju. Anaamka saa kumi alfajiri kugombania daladala ili awahi kufungua fremu iliyo juu ya kile kilichokuwa chumba chake. Mwaka 2016 yakaanza mabasi ya mwendokasi, na mojawapo ya vituo vyake vikubwa ni Gerezani, Kariakoo. Tunayashangilia, na yanasaidia. Ila tujue kwamba sehemu ya kazi yake ni kuwarudisha mjini kila asubuhi watu ambao zamani walikuwa wanalala palepale.

GHOROFA ZINAPOANGUKA

Kwenda juu kwa pupa kuna bei nyingine. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa karibu na makutano ya mitaa ya Indira Gandhi na Zanaki liliporomoka asubuhi na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa nne likaanguka Kariakoo yenyewe, eneo la Mtaa wa Mchikichi, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Waokoaji walichimba kwa siku kadhaa. Habari za siku zile zilitaja uchimbaji uliokuwa ukifanyika chini ya jengo. Yaani baada ya kumaliza juu, tulirudi kutafuta fremu ardhini.

Angalia nani alikuwa ndani. Walikuwa wachuuzi, wateja, vijana wa kubeba mizigo, mafundi. Mtu ambaye hatumhesabu akiwa hai chumbani, tunamhesabu kwenye kifusi.

WALIORUDI MAGOMENI

Mtu ataniuliza: sasa wewe unataka turudi kwenye makuti? Wapi! Sensa ya 2022 imehesabu mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Watu hao hawawezi kukaa wote kwenye nyumba za vyumba sita. Tukizidi kutanuka tutakula mashamba yote mpaka Pwani, na mabomba ya maji yatakuwa yanatufukuza bila kutufikia. Lazima twende juu. Tunachobishania ni nani anapanda na nani anabaki chini.

Na mfano tunao hapahapa. Magomeni Kota zilikuwa nyumba za umma. Zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakazi wakatawanyika, na uwanja ukakaa mtupu miaka mingi. Wapangaji wale hawakunyamaza. Walijiorodhesha, wakashikamana, wakadai. Walikuwa kaya 644, na namba hiyo waliishika kama tasbihi. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua majengo mapya ya ghorofa, kwa ajili ya kaya zilezile. Yalikuwa na mgogoro wake, na walioteseka kwa kusubiri walikuwepo. Lakini yamethibitisha jambo moja: mpangaji akiorodheshwa kabla nyundo haijapiga ukuta, anaweza kurudi.

Kwa nini iliwezekana Magomeni na inashindikana Kariakoo? Kwa sababu Magomeni mwenye nyumba alikuwa serikali, na serikali inaweza kuaibishwa kwa orodha. Kariakoo kila kiwanja kina mwenyewe, na kila mpangaji anafukuzwa peke yake, kimyakimya, siku yake. Hakuna orodha. Kibali cha ujenzi kinauliza nguzo ngapi, ghorofa ngapi, maegesho ya magari mangapi. Kingeweza kuuliza swali moja zaidi: nani analala hapa leo, na atalala wapi jengo likisimama? Mjerumani wa 1891 aliuliza ukuta ni wa nini. Azimio la 1967 liliuliza nyumba ni ya nani. Enzi ya ruksa iliuliza italipa kiasi gani. Zaidi ya miaka 130 imepita, na swali la mpangaji bado halina hata mstari kwenye fomu.

Kwetu sisi vijana wenye kalamu, kazi ipo na haihitaji mtaji. Wazee walioishi Mtaa wa Sikukuu, Aggrey, Pemba na Swahili wapo, wengi wao sasa wako Mbagala na Chanika. Tupande daladala tuwafuate. Tuwaulize nyumba namba ngapi, chumba kipi, kodi shilingi ngapi, jirani alikuwa nani, walihama mwaka gani na walipewa nini mkononi. Tuyaandike kwa majina ya mitaa na miaka, kiwanja kwa kiwanja. Atakayetaka riwaya ataipata humo. Lakini kwanza tuwe na orodha, kama watu wa Magomeni.